KARATASI ISIYOTAKA KUSHINDA: Mazungumzo juu ya Mashamba ya Kibaha na Kisarawe



Tawi lilitutaka tuje tuzungumze juu ya sharia na ardhi, nasi tulipouliza ni ardhi ipi, tukaambiwa: Kibaha na Kisarawe. Huenda mgeni akastaajabu. Watu wa visiwani wana nini na Kibaha? Lakini sisi tuliomo humu twajua. Ndugu zetu walivuka bahari kwa biashara, wakapanga Kariakoo na Ilala, wakachuma kwa jasho, na walipotaka pahala pa kuweka ubavu walikuta kiwanja cha Dar es Salaam hakikamatiki kwa bei. Wakaifuata barabara ya Morogoro mpaka Kibaha na Mlandizi, au wakashika njia ya Pugu mpaka Kisarawe. Huko wakanunua ekari mbili, ekari tatu, wakapanda minazi, mikorosho na mihogo kama walivyozoea kwao. Leo aghlabu ya nyumba zilizo mtaani kwetu zina mtu mwenye kipande cha ardhi katika wilaya hizo, au mtoto wa mtu huyo.

Tena lazima tukumbushane jambo moja mwanzo kabisa. Ardhi si jambo la Muungano. Sisi hapa tuna sharia yetu ya ardhi ya 1992 na tuna Mahkama ya Ardhi yetu. Walakin mwenye shamba Mlandizi hawezi kuleta shauri lake hapa. Huko zatawala Sharia ya Ardhi na Sharia ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, na mashauri huamuliwa na Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya na Mahkama Kuu. Basi asiyejua njia za huko ni kama nahodha aliyeingia bandari ngeni bila rubani: chombo ni chake, shehena ni yake, na mwamba haujui.

Mwamba wenyewe ndio tuliokuja kuuzungumza. Twataka kusema juu ya karatasi zinazopelekwa afisini na barazani dhidi ya mali ya mtu, si kwa sababu aliyezipeleka ana haki, wala si kwa sababu anataraji kushinda, bali kwa sababu anajua kuwa karatasi hiyo, maadamu ipo, humfunga mwenye mali mikono.

Ndugu wanachama, tuanze na mahala penyewe. Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kiasi cha kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Zamani ilijulikana kwa kituo cha elimu kilichoanzishwa 1963 kwa msaada wa nchi za Kaskazini ya Ulaya. Leo reli mpya imepita, iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, na vituo vya Soga na Ruvu vimo katika njia hiyo. Bandari kavu ya Kwala imejengwa. Kisarawe nayo, iliyokuwa ikihesabiwa ni nchi ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi na ya wakulima wa korosho na mihogo, sasa imepakana na viunga vya mji mkubwa. Shamba ambalo mtu alilinunua kwa fedha ya kununulia baiskeli, leo laulizwa bei ya gari. Na penye asali nyuki hawakosi.

Juu ya hayo, ardhi ya Pwani ina kumbukumbu mbili. Kuna kumbukumbu ya ukoo: babu alilima hapa, mkorosho huu aliupanda yeye. Na kuna kumbukumbu ya serikali: Operesheni Vijiji ya 1974 mpaka 1976 iliwahamisha watu, ikawapa wengine mashamba yaliyokuwa ya wengine. Kwa hiyo hapana shamba ambalo mtu mwenye nia mbaya hatapata la kusema juu yake. Daima atakuwapo mjukuu wa mtu aliyewahi kulima pale. Wengi wa wajukuu hao ni wakweli na wana haki ya kusikilizwa. Lakini miongoni mwao wamo waliogundua kuwa madai yasiyo kweli huzaa fedha kuliko shamba lenyewe.

Jee, huzaaje? Na tutoe mfano. Mtu wa mfano huu tumemtunga, lakini kila mmoja wenu atamtambua.

Mzee mmoja alinunua ekari tatu karibu na Mlandizi mwaka 1998. Aliandikiana na muuzaji mbele ya viongozi wa kijiji na mashahidi, akalima, akajenga banda, na baadaye, eneo lilipopimwa, akapata hati. Miaka ikapita. Mkewe akaugua, akataka kuuza ekari moja apate fedha ya matibabu. Mnunuzi, mtu mwangalifu, akaenda kwa Msajili wa Hati kutazama daftari. Akakuta zuio. Limewekwa na kijana ambaye mzee hamjui, naye ameapa katika hati ya kiapo kwamba shamba ni la ukoo na lilikuwa haliuziki. Mnunuzi akaomba radhi, akarejesha fedha zake mfukoni, akaondoka.

Mzee akangoja kijana amshtaki, ili wakaonane mbele ya baraza na kila mtu atoe ushahidi wake. Kijana hakumshtaki. Mwezi wa kwanza kimya, wa pili kimya. Mwezi wa tatu akaja dalali na maneno laini: mzee wangu, kesi ni ndefu, wewe ni mtu mzima, toa milioni kumi tu na kijana ataondoa zuio lake kesho asubuhi.

Hapo ndipo tunapowaomba mtazame kwa makini. Kwa Sharia ya Ukomo ya 1971, dai la kurejeshewa ardhi lina muda wa miaka 12. Mzee amelishika shamba lake tangu 1998 kwa uwazi, jua likiona. Kijana yule akienda barazani hana shauri, naye ajua hana. Ndiyo maana haendi. Karatasi yake haikuandikwa ili ishinde. Iliandikwa ili ikae. Ingelikuwa ya kushinda, angeliikimbiza mbele ya hakimu. Kwa kuwa ni ya kukaa, anaikalisha, naye hukaa nayo, mpaka shida ya mke mgonjwa imlainishe mzee.

Na wapo wanaofanya hayo kwa njia ya baraza. Mtu hufungua shauri, akaomba amri ya muda ya kuzuia kuuza wala kujenga, akishaipata haonekani tena. Shauri likifutwa kwa kutohudhuria, hufunguliwa jingine kwa jina la ndugu yake. Mwenye mali huhudhuria kila tarehe, akilipa nauli ya boti na nauli ya basi, na kila tarehe huahirishwa.

Sasa, sharia inasema nini? Wako wanaodhani sharia haina jicho la kuona hila kama hii. Si kweli. Jicho inalo tangu zamani, na khadithi yake itawafurahisha mabaharia.

Huko Uingereza alikuwako nahodha mmoja jina lake Grainger, mwenye chombo cha kusafiria. Aliweka chombo chake rahani kwa paundi 80, kwa sharti kwamba cheti cha usajili wa chombo kibaki mkononi mwake aendelee na safari, na deni lilipwe mwezi wa Septemba 1837. Waliomkopesha wakaingiwa na wasiwasi kabla ya siku kufika. Wakataka kukishika kile cheti, ambacho hawakuwa na haki nacho. Wakafanya nini? Mwaka 1836, deni halijaiva bado, walikwenda mahkamani wakapata amri ya kumkamata kwa deni, na askari wakamkuta kitandani, mgonjwa. Akaambiwa: toa cheti, au toa dhamana, au twende. Dhamana hana. Akatoa cheti, na safari zake zikamvunjikia, kwani chombo bila cheti hakitoki bandarini.

Grainger akawashtaki. Mwaka 1838 mahkama ikahukumu kwamba ana haki ya kulipwa, na hukumu hiyo ndiyo msingi wa madai ambayo sisi kwa Kiswahili twaweza kuyaita madai ya kutumia vibaya njia za sharia. Tazameni ilichosema hukumu kwa maana yake: kosa la watu wale halikuwa kushitaki tu. Kosa lao lilikuwa kuichukua amri ya mahkama, iliyowekwa kwa kazi moja, wakaitumia kama koleo la kumng'oa mtu kitu kingine. Kwa hiyo Grainger hakulazimika kungoja kesi ile ya deni iishe, wala hakulazimika kuthibitisha kwamba deni halikuwapo. Deni lilikuwapo. Hata mwenye deni la kweli hana ruhusa kuifanya mahkama kuwa koleo.

Jee, hukumu ya Uingereza ina nguvu Kibaha? Ndiyo, ina njia ya kufikia huko. Sharia za Tanganyika ziliupokea msingi wa sharia za Kiingereza kama ulivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri unavyofaa hali ya nchi na usipingane na sharia zilizotungwa. Hukumu ya 1838 imo ndani ya mpaka huo.

Sasa tupambanue mambo matatu, kwani watu huyachanganya, na mwenye kuyachanganya hugonga mlango usiokuwa wake.

La kwanza ni kushtakiwa kwa hila. Hapa mwenye kudai lazima aonyeshe kwamba alishtakiwa, kwamba shauri lile liliisha kwa upande wake, kwamba aliyeshtaki hakuwa na sababu ya maana, kwamba alisukumwa na uovu wa nia, na kwamba yeye amepata khasara. Zamani madai haya yalikuwa ya kesi za jinai zaidi. Huko Uingereza yalibishaniwa sana mpaka 2016, pale Mahkama ya Juu, katika shauri la Willers na Joyce, ilipoamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba hata kesi ya madai ya kawaida ikifunguliwa kwa uovu yaweza kuzaa fidia. Uamuzi huo wa karibuni hauzifungi mahkama zetu, lakini wakili aweza kuutoa wauzingatie.

La pili ni lile la Grainger: kuitumia amri ya mahkama kwa kusudi lisilokuwa lake. Hapo hutazamwa kusudi na tendo: alitaka nini, na alifanya nini ili akipate? Dalali aliyekuja na habari ya milioni kumi ni ushahidi wa kusudi. Lakini angalieni, njia iliyotumiwa vibaya iwe ni njia ya mahkama au baraza.

La tatu lahusu karatasi isiyopita mahkamani, kama zuio lililowekwa kwa Msajili. Zuio si kesi. Hapa upo mlango wa uongo juu ya miliki ya mtu, yaani mtu kutangaza kwa uovu jambo la uongo kuhusu haki ya mwenzake katika mali, na mwenzake akapata khasara inayohesabika, mathalan mnunuzi aliyekuwa na fedha mkononi akaondoka. Jirani zetu wameliandika jambo hili wazi katika sharia zao. Kenya, katika Sharia ya Usajili wa Ardhi ya 2012, imesema kwamba mwenye kuweka au kuendeleza zuio kwa makosa na bila sababu ya maana atalipa fidia kwa aliyepata khasara. Uganda nayo ina kifungu cha namna hiyo katika Sharia yake ya Usajili wa Hati.

Na kabla ya fidia, ipo njia ya kuliondoa zuio lenyewe. Kwa Sharia ya Usajili wa Ardhi ya Tanganyika, mwenye ardhi aweza kuiomba Mahkama Kuu imwite aliyeweka zuio, aje aeleze kwa nini lisiondolewe. Neno kubwa hapo ni aeleze. Mzigo wageuka: yule aliyekaa kimya miezi mitatu, sasa lazima afungue kinywa. Na mwenye karatasi ya kukaa aghlabu hana la kueleza.

Mahkama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, tulipokuwa nayo moja sote, ililisema jambo hili 1969 katika shauri la Boyes na Gathure kutoka Kenya. Ilieleza kwamba zuio lina kazi mbili: kumpa mwenye kudai hifadhi ya muda, na kumjulisha mwenye ardhi na ulimwengu aina ya dai lenyewe. Hifadhi ya muda, ndugu zangu. Zuio ni mwavuli wa kumvusha mtu mvua mpaka afike barazani. Si nyumba ya kuhamia.

Tusije tukafahamika vibaya. Zuio lenyewe ni jambo jema. Sharia ya Ndoa ya 1971 imemkataza mume, na mke vile vile, kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na imempa yule mwenzake haki ya kuilinda nafasi yake kwa kuweka zuio. Mwanamke wa Kibaha ambaye mumewe anataka kuuza nyumba kwa siri, afanye haraka aweke zuio, na sisi tutamsifu. Mjukuu ambaye shamba la babu yake limeuzwa na mtu asiyekuwa msimamizi wa mirathi, naye aweke, kisha aende barazani upesi. Kushindwa katika shauri si hila. Mtu aweza kuamini kwa moyo safi akakosea. Tunaowasema ni wale wanaojua kuwa hawana kitu, wakauza kimya chao.

Wengine wataSema: haya yote ni ya wenye hati, sisi shamba letu lina karatasi ya kijiji tu, au halina karatasi kabisa. Ndugu, msikate tamaa. Tarehe 21 Disemba 1994 Mahkama ya Rufani ya Tanzania, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua shauri la Mwanasheria Mkuu na Lohay Akonaay. Baba na mwanawe, wakulima, walikuwa wamelipata shamba lao mahkamani, kisha sharia ya 1992 ikataka kuzifuta haki za kimila za watu kama wao. Mahkama ikasema haki ya kimila katika ardhi ni mali, na mali inalindwa na Katiba. Basi shamba lako la kimila ni mali mbele ya sharia, na mwenye kulifanyia hila ameifanyia hila mali.

Lakini kulindwa na sharia hakumwondolei mtu wajibu wa kuangalia karatasi. Waulizeni wazee wa Kisarawe. Kampuni moja ya Kiingereza, Sun Biofuels, ilikuja kupanda mibono ya kutengenezea mafuta, ikapata hekta 8,211 zilizokuwa za vijiji 11, kwa muda wa miaka 99. Wanavijiji waliahidiwa kwa mdomo visima, zahanati na kazi. Kufika 2011 kampuni ilikuwa imeanguka na kazi zimesimama. Ahadi za mdomo zikaondoka na upepo. Lakini ardhi haikurejea vijijini, kwani katika karatasi ilikwisha kuhamishwa kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla. Hatusemi kwamba ile ilikuwa hila ya namna tunayoizungumza leo. Tunasema kwamba Kisarawe ilifundishwa kwa gharama kubwa kuwa neno hupita na karatasi hubaki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi mwanachama aliyekutwa na karatasi kama hii afanye nini? Twashauri hivi.

Kwanza, asilipe. Mwenye kulipa milioni kumi leo amewafundisha wengine njia ya nyumbani kwake. Na asimfuate kijana kwa fimbo, kwani hapo mwenye haki hugeuka mshtakiwa.

Pili, aweke ushahidi wa kusudi. Barua ya dalali, ujumbe wa simu, jina la shahidi aliyekuwapo, tarehe ya kila jambo. Nia mbaya haionekani kwa macho. Huonekana kwa nyayo zake.

Tatu, aandike khasara yake kwa hesabu. Mnunuzi alikuwa nani, bei ilikuwa ngapi, alijitoa siku gani, nauli ngapi, siku ngapi za kazi zimepotea. Mahkama hailipi uchungu usiohesabika kwa wepesi, bali hulipa khasara iliyoandikwa.

Nne, asichelewe. Kama tulivyosema, kudai ardhi ni miaka 12. Lakini kudai fidia kwa madhara ya namna hii ni miaka 3 tu. Wengi hushinda shauri la shamba, wakarejea nyumbani wakipiga vigelegele, na muda wa kudai fidia ukawapita wamelala. Kushinda si kulipwa. Aliyerejeshewa shamba lake baada ya miaka minne, na mke amekwisha kufa kwa kukosa matibabu, hakurejeshewa kila kilichochukuliwa.

Tano, ajue ngazi. Tangu mabadiliko ya 2021, Baraza la Kata halihukumu tena mashauri ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Wanaogombana huanza hapo, na usuluhishi ukishindikana, au siku 30 zikipita bila suluhu, shauri laweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza hilo husikiliza mashauri ya kurejeshewa mali isiyohamishika ambayo thamani yake haizidi shilingi milioni 300. Yaliyo makubwa zaidi huenda Mahkama Kuu.

Sita, akifunguliwa shauri la pili juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa baina ya watu wale wale, aseme mapema. Sharia ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966 yakataza kulisikiliza upya jambo lililohukumiwa, na kubadili jina la mdai kwa jina la ndugu anayedai kwa haki ile ile hakulifanyi jambo kuwa jipya.

Na saba, palipo na kiapo cha uongo au hati ya kughushi, jambo limeshatoka katika madai na kuingia katika jinai. Kusema uongo kwa kiapo katika shauri ni kosa la kufungwa mpaka miaka 7. Kughushi hati ya miliki ya ardhi, Kanuni ya Adhabu imeruhusu adhabu ya kifungo cha maisha. Wengi wanaoandikiwa viapo vichochoroni kwa elfu chache hawalijui hilo. Wajulisheni.

Sasa, ndugu wanachama, tumefika kwenye neno gumu, na hatungependa kuondoka bila kulisema. Tumezungumza kana kwamba wenye hila wako Kibaha na Kisarawe, na sisi wa visiwani ni wenye kuonewa. Si hivyo. Sisi wenyewe, katika misiba yetu, mara nyingi tumeisikia sauti ikisema: weka zuio tu, akichoka atagawa. Marehemu hajafikisha arubaini, na ndugu wa baba mmoja amekwenda kuifunga nyumba ambayo ajua fika kuwa marehemu alimpa mkewe hiba kwa mashahidi. Hataki nyumba, ataka sehemu ya bei. Jee, huyo na yule kijana wa Mlandizi wanatofautiana kwa nini, ila kwa bahari iliyo baina yao? Tena kuna wanaotuita sisi tuwaandikie karatasi hizo, kwa kuwa twajua kuandika. Tunasema mbele yenu leo kwamba hatutaziandika, na twaomba kila mwenye kalamu katika tawi hili asiziandike.

Chama kinachodai haki kwa watawala hakiwezi kuwa na wanachama wanaouza dhulma kwa majirani. Wako watakaosema dawa ya moto ni moto: wametufanyia, nasi tuwafanyie. Lakini nyumba iliyoshika moto huzimwa kwa maji. Na mchimba kisima cha kumtumbukiza mwenziwe huingia mwenyewe, kwani mahkama ikizoea karatasi za uongo, siku utakapokuja na yako ya kweli nayo itatiwa katika fungu lile lile, ingoje miaka.

Kwa hiyo tunaloliomba ni dogo, nalo ni zito. Anayepeleka karatasi dhidi ya mali ya mtu aulizwe mambo mawili: una haki gani, na unataka nini? Akiwa na jibu la swali la kwanza, asikilizwe upesi. Akiwa hana, na jibu la swali la pili ni milioni kumi, basi karatasi iondolewe, na khasara yote ailipe yeye, si mzee wa Mlandizi. Sharia ya kumlipisha ipo tangu nahodha Grainger. Kilichopungua ni watu wa kuidai.

Mwenye shamba bara, akirudi nyumbani leo, afungue sanduku atazame karatasi zake. Na aliyekwisha kuweka zuio ambalo moyo wake unajua halina haki, aende akaliondoe kabla hajaitwa kueleza.